Gauni la Kazini Juu ya Baiskeli

Mimi sifanyi mazoezi. Naanza na hilo kwa sababu limenichosha. Kila asubuhi nikishuka kutoka Kiseke kwenda Pasiansi lazima mtu atoe kichwa dukani aniambie, "Mwalimu, hongera kwa mazoezi!" Mazoezi gani, jamani? Nimevaa gauni la kitenge, hereni, na viatu vya kisigino kifupi, na kwenye kikapu cha mbele nimebeba madaftari ya darasa la nne niliyosahihisha jana. Nani anafanya mazoezi na madaftari? Naenda kazini. Baiskeli inanifikisha, basi.

Wanaofanya mazoezi nawajua. Wanapita Jumamosi kwa kundi, nguo za kubana zenye rangi ya ndizi mbivu, kofia ngumu, miwani myeusi, na chupa za maji zimechomekwa kwenye fremu. Sina ugomvi nao. Siku moja mmoja wao, mtu mzima mwenye kitambi kilichobanwa kikatulia, alipunguza mwendo, akanitazama tangu kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mwalimu, ukipata vifaa utakuwa vizuri sana." Nikamwambia, "Vifaa ninavyo. Chaki." Akacheka, akaenda zake.

Kwa wapita njia naweza kutania hivyo. Nyumbani kwangu hili la gauni halikuwa utani. Mzee mmoja alikaa siku tisa bila kugusa ugali wangu kwa ajili yake, na mimi sikushuka kwenye baiskeli. Ndiyo maana nayaandika haya.

Chanzo chake ni mstari mwekundu. Shuleni kwetu kuna kitabu cha mahudhurio ya walimu, na saa moja na robo kamili mwalimu mkuu, mama asiyecheka kabla ya saa nne, anachukua kalamu nyekundu na rula anapiga mstari. Ukisaini juu ya mstari umewahi. Ukisaini chini umechelewa, hata kama mlikutana naye getini. Mwaka ule magari ya asubuhi yalikuwa yakifika kituoni kwetu yamejaa, na bodaboda ya kila siku mshahara wa mwalimu haubebi. Nikasaini chini, nikasaini chini tena, mpaka nikapewa barua mbili za kujieleza. Ya tatu, mkuu alisema bila kuinua macho, itapanda kwa wakubwa, na wakubwa wakimchoka mwalimu humtafutia shule ya mbali.

Ningekuwa peke yangu ningesema nihamisheni. Sikuwa peke yangu. Mume wangu anafanya kazi kwenye migodi ya upande wa Geita, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Niliyebaki naye ni baba yake. Tulimchukua kutoka kijijini, upande wa Magu, baada ya mama mkwe kufariki, maana alikuwa na presha na macho yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Kliniki yake iko mjini, vidonge vyake vinataka chakula tumboni, na mtu wa kumpikia ni mimi. Mimi nikihamishwa, mzee anabaki na nani?

Dada mmoja wa shuleni akanionyesha njia bila kujua. Alisema Mkuyuni wameshusha baiskeli za mtumba kutoka Japani. Nilikwenda Jumamosi, nikapata moja ya kike, ya bluu, ina kikapu, kengele na kava la cheni. Kuendesha nilijua tangu nikiwa mtoto kwetu Ukerewe, nilijifunzia ya baba yangu kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo wa fremu kama watoto wote. Muuzaji aliponiuliza kama nitafungiwa kwenye gari nikamwambia anijazie upepo tu. Nikaipanda kutoka Mkuyuni mpaka Kiseke, mapaja yakiwaka moto, na nilipofika nilikuwa nimeshaamua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusikiliza watu. Walimu wenzangu walisema mwanamke hapandi baiskeli na gauni, vaa traksuti, uje ubadilishe shuleni. Ilionekana ni ushauri wa maana, kwa sababu suruali shuleni kwetu mwalimu wa kike havai. Basi wiki nzima nikawa mwanamichezo. Traksuti, raba, gauni limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Njiani kila mtu alinipigia makofi. Lakini pa kubadilishia hapakuwepo isipokuwa stoo, na stoo ina majembe, mafagio, mapipa ya maji, na mlango usiofunga. Nikawa nasukuma pipa mlangoni kwa mgongo huku nahangaika na zipu. Siku ya Jumatano nilifika getini saa moja na dakika kumi, bado mapema kabisa. Nikaingia stoo, nikabadilisha, nikatoka na utando wa buibui kwenye nywele, nikakuta rula inaondoka juu ya karatasi. Wino haujakauka. Nilisaini chini ya mstari mbele ya macho ya mkuu, na mkuu akasema, "Mwalimu, leo nakusamehe barua. Ni leo tu."

Haki ya Mungu, siku ile nilichukia traksuti kuliko kitu chochote. Kitu ambacho ni cha kunisaidia nipande baiskeli ndicho kilichonichelewesha! Na nikaona jambo jingine lililonikera zaidi. Ukiwa umevaa nguo za michezo, watu wanaona mazoezi, wanakuheshimu. Ukivaa gauni lako la siku zote wanaona shida. Wanakuhurumia. Sasa mimi gauni langu lina kosa gani? Ndilo ninalofundishia, ndilo ninaloendea kanisani, ndilo ninalopokelea wageni. Alhamisi asubuhi nililivaa, nikatoa baiskeli ndani, nikasema leo tutaonana.

Baba mkwe alikuwa amekaa mbele ya nyumba anaota jua. Hapa inabidi nimweleze yule mzee, maana kila kitu kinamtegemea. Kwetu kisiwani baba mkwe anaheshimiwa sana, lakini mnaongea, mnacheka. Kwa huyu, heshima ilikuwa na kuta zake. Hakuwahi kukanyaga jikoni kwangu. Hakukalia kiti ambacho nimetoka kukikalia. Nikiinama kufagia, anageuza uso. Nikianika nguo nyuma ya nyumba, anahamia mbele, na zikianikwa mbele anahamia nyuma. Aliniita mama, nikamwita baba, na miaka kumi yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia akitaja kitu chochote ninachovaa, iwe kizuri au kibaya. Nilimzoea hivyo. Sikufikiria sana kwa nini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Nikapitisha mguu, nikakanyaga, nikaondoka. Jamani, ile asubuhi! Kwenye mteremko nikaliona ziwa lote limelala jeupe, upepo unaingia kwenye mikono ya gauni, vijana wa bodaboda kijiweni wakapiga honi na kelele, "Madam, twende kazi!" Nikafika, nikaegesha, nikasaini juu ya mstari nikiwa na dakika za kunywa maji. Sikuwa na cha kubadilisha. Nilicheka peke yangu ofisini.

Jioni nilipika ugali na sato wa kukaanga, nikampelekea maji ya kunawa. Hakunyoosha mikono.

"Mama," alisema, "hiyo baiskeli iache."

"Kwa nini, baba?"

Akatazama ukuta. Akakaa hivyo muda mrefu, midomo inacheza, neno halitoki.

"Iache tu."

"Baba, nisipopanda nitachelewa. Nikichelewa watanihamisha."

"Basi mimi nimeshiba," akasema, na akanyanyuka.

Nikajumlisha mwenyewe, kama mwalimu. Wiki ya traksuti hakusema neno. Siku ya kwanza ya gauni, ananisusia chakula. Kumbe ni gauni! Ni mguu wa mkwe kupita juu ya tandiko mbele ya macho yake. Yeye naye ni walewale wa kwenye maduka, tofauti yake ni kwamba wao wananihurumia na yeye anaona aibu. Nikarudisha sahani jikoni kwa kishindo makusudi asikie.

Kesho yake nilipika tena, akasema ameshiba. Kesho kutwa, ameshiba. Siku ya nne jirani yangu, mama wa makamo anayekaanga vitumbua, alinivuta pembeni. "Mwalimu, mzee wako anakunywa uji kwangu asubuhi na jioni. Anamezea vidonge. Kuna nini kwenu?" Nilitamani ardhi inimeze. Baba mkwe wangu anaombaomba uji kwa jirani, na sufuria yangu ina sato! Nani atasikia hilo aniulize sababu? Watasema tu mwalimu anamnyima mzee chakula.

Mume wangu akapiga simu. Habari ilishamfika, sijui kwa mdomo wa nani.

"Si uvae traksuti tu, yaishe?"

"Nibadilishie wapi? Njoo unishikie mlango wa stoo."

"Kwa hiyo baba ashinde njaa kwa sababu ya gauni?"

"Hashindi njaa kwa sababu ya gauni. Anashinda njaa kwa sababu hataki kula. Chakula nimepika, kipo mezani."

Nikamkatia. Kisha nikakaa kwenye kigoda jikoni nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira. Lakini nikisema ilikuwa hasira peke yake nitakuwa mwongo. Nilimpenda yule mzee. Shati lilianza kumpwaya shingoni. Kila jioni nilisonga ugali wa watu wawili, nikampelekea maji, nikasikia nimeshiba, na kila asubuhi nikapanda baiskeli yangu na gauni langu. Nilijiambia nikishuka leo nitashuka maisha yangu yote. Na nilijiambia pia kwamba akidondoka, nitaishije? Yote mawili niliyabeba mpaka Pasiansi na kurudi.

Siku ya tisa, mteremkoni, upepo wa ziwani ulikuja kwa ubavu. Nilisikia kitu kinanivuta kiunoni kwa nguvu, kama mtu amenishika nguo kwa nyuma, na kabla sijaelewa nilikuwa chini. Pindo la gauni lilikuwa limeingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma na kujiviringisha. Madaftari yalitapakaa barabarani. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani alilitua, akanisaidia kuzungusha gurudumu kinyumenyume mpaka kitambaa kikaachia, kimechanika na kujaa grisi. "Pole mwanangu. Rudi nyumbani," akasema. Nikamwuliza saa ngapi. Nikafunga pindo fundo kubwa pajani, nikapanda. Nilisaini juu ya mstari na damu ya goti imefika kwenye kiatu.

Nyumbani sikumwambia mtu. Nililifua gauni, nikalianika nyuma, upande uliochanika nikauelekeza ukutani. Nilikuwa jikoni nachambua mchele nilipomwona baba mkwe dirishani. Yeye ambaye hukimbia kamba yenye nguo zangu alikuwa amesimama mbele ya ile kamba. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo alitumia vidole. Alilishika pindo, akaligeuza, akapapasa pale pa mpasuko, taratibu, nyuzi kwa nyuzi. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali, akaondoka. Nilibaki na ungo mkononi. Nikajua sasa amepata ushahidi, kesho nitaitiwa kikao.

Kweli, kesho yake, Jumamosi, wifi yangu mkubwa akatokea kutoka Mkuyuni. Huyu ni dada wa mume wangu, mwanamke mnene, ana duka la nafaka, na sauti yake haina kipimo. Hakukaa. Alinikuta jikoni akafunga mikono kifuani.

"Wifi, gauni lako limenaswa?"

"Limenaswa. Na baiskeli siachi. Uniambie mapema kama umekuja kwa hilo."

"Unajua mama alikuwa anachechemea?"

Nilijua. Mama mkwe wangu alikuwa akitembea kwa kuvuta mguu wa kushoto. Nilipoolewa niliambiwa alianguka, nikachukulia alianguka kisimani au wapi.

"Alianguka kwenye baiskeli ya baba," wifi akasema. Safari hii sauti yake ilishuka. "Baba alikuwa anampeleka kliniki, amempakia kwenye keria, amekaa upande. Kanga ikaingia kwenye gurudumu. Baba akasikia baiskeli imekuwa nzito, akadhani ni mchanga. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Mpaka mama alipopiga kelele, nyonga ilikuwa imeshatoka."

Mchele ulikuwa unachemka, unamwagika juu ya moto.

"Sasa kwa nini hakuniambia?" nikasema mwishowe, na hasira yangu ilirudi, maana sikujua niiweke wapi. "Siku tisa, wifi! Siku tisa ananiambia ameshiba! Angesema tu, mama, gauni lako litanasa!"

Wifi akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo.

"Aseme nini? Baba akutajie gauni? Wewe, mkwe wake? Hata likiwaka moto hawezi kulitaja. Ndiyo maana ameniita mimi."

Kumbe. Miaka kumi namjua, tunakaa nyumba moja, na mimi ni mwalimu. Zile kuta nilizoziona ni za aibu, kumbe mzee alikuwa nyuma yake anapiga ngumi. Alitaka kuniokoa na hakuwa na neno lolote analoruhusiwa kulitumia. Kilichobaki kilikuwa ugali wangu. Na traksuti hakuisema kwa sababu traksuti hainasi.

Nilijifuta uso kwa kanga. Baba mkwe alikuwa sebuleni, hatua nne kutoka jikoni, mlango wazi, anasikia kila kitu, na sisi sote watatu tulijua anasikia.

"Wifi," nikasema kwa sauti, "mwambie baba namshukuru. Mwambie baiskeli siachi, maana nikiiacha nitahamishwa, na nikihamishwa yeye atakaa na nani? Lakini kama anajua dawa ya gurudumu, anisaidie."

Wifi akageuza kichwa. "Baba! Anasema baiskeli haachi!"

Sauti ya mzee ikatoka sebuleni, "Mwambie nimesikia."

"Amesikia," wifi akaniambia.

"Mwambie aniletee nyuzi za nyavu," mzee akaendelea, "zile nyembamba za nailoni. Na msumari."

"Analeta!" wifi akajibu kabla sijafumbua mdomo.

Nilishuka mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, mchana uleule, kwa miguu, nikapewa na mama mmoja anayetengeneza nyavu vipande alivyokuwa anatupa. Mzee alikaa mbele ya nyumba na baiskeli imepinduliwa matairi juu. Wifi akamchomea msumari kwenye mkaa, na yeye akatoboa madigadi ya nyuma, kile kifuniko cha gurudumu, tundu moja moja, akipima kwa kidole gumba. Madigadi ya baiskeli ile ni ya plastiki, yalitoboka kama sabuni. Halafu akaanza kusuka. Uzi unatoka kwenye tundu unashuka mpaka karibu na ekseli, unarudi juu, unashuka tena, upande huu na upande ule, mpaka spoki zote zikafichwa nyuma ya wavu ambao hata kidole cha mtoto hakipiti. Macho hayakumsaidia kitu. Kazi yote ilifanywa na vidole. Ilimchukua Jumamosi na Jumapili yote, kanisani hakwenda. Chakula, wifi ndiye aliyempelekea siku zote mbili, na alikula bila kusema nani amepika. Na mimi sikuuliza.

Jumapili jioni wifi akarudi kwake Mkuyuni. Jumatatu nililivaa gauni lilelile. Nilikuwa nimelishona pale lilipochanika, kwa uzi mweusi, na mshono unaonekana mpaka leo. Nikaitoa baiskeli. Baba mkwe alikuwa tayari amesimama nje, ameupa mlango mgongo, anatazama barabara asiyoiona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Hakuondoka. Nikaelewa ana neno, na wifi hayupo wa kulipeleka. Tulisimama hivyo, saa inakimbia, mstari mwekundu unaningoja. Kisha mzee akakohoa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa mpaka akalipata tandiko, akaligonga gonga.

"Wewe baiskeli," akasema. "Safari ile sikusikia. Nilikanyaga tu. Huyu mrudishe mzima."

Mtu akiongea na baiskeli yako lazima ajibiwe. Nikashika usukani.

"Baiskeli," nikasema, "mwambie baba nitarudi. Na jioni napika ugali, asinywe uji kwa watu."

Nilisikia anacheka, mgongo bado umenigeukia. Nikapitisha mguu. Mteremkoni upepo ulikuja tena kwa ubavu, ukalipeperusha gauni likagonga wavu, likarudi, likagonga, likarudi. Nilisaini juu ya mstari. Barua ya tatu haikuandikwa.

Jioni nilimpelekea maji, akanyoosha mikono. Nikaweka ugali na mboga, nikarudi jikoni kama heshima inavyotaka, nikasimama nyuma ya mlango natega sikio kama mwizi. Nilisikia sahani inasukumwa mezani. Nikasema yameanza tena. Halafu nikamsikia anageukia kona ya sebule, pale baiskeli inapolala.

"Baiskeli," akasema, "hebu niulizie jikoni kama ugali umebaki."